Vuli Tuliyomngoja Mgeni wa Matete

Hadija, binti wa Mzee Salehe, alinipigia simu Ijumaa mchana, nikiwa nachambua mchele, akaniambia, "Dada Rehema, baba hatunaye." Nilifika Kwedizinga kesho yake, maziko yameshapita. Siku ya tatu, baada ya hitima, watu wakaanza kuinuka mmoja mmoja kumtaja marehemu kwa mema yake. Alikuwa mtu wa watu, alikuwa mkweli, hakupenda makuu. Kisha mdogo wake marehemu akanigeukia akasema, "Na huyu bibi shamba alifanya naye kazi, atuambie mawili matatu." Nikasimama. Nikasema Mzee Salehe alikuwa mfanyakazi hodari na mwalimu wangu, Mungu amrehemu, nikaketi. Basi! Mimi ninayejulikana kwa domo, mimi ambaye wanangu husema nikianza kusimulia wali unaungua. Watu walidhani ni majonzi. Majonzi yalikuwepo, lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa kingine, na nimekibeba tangu nikiwa na miaka ishirini na minne hadi leo ninapoita watu wazima "wanangu". Ni habari ya mwaka mmoja tu, na vuli moja, na karatasi moja niliyoijaza kwa mkono wangu huu.

Mwaka wenyewe ni katika ile miaka ya ruksa. Kila kitu kilikuwa ruksa: mitumba ruksa, mabasi ya watu binafsi ruksa, maduka ya Korogwe yakajaa sabuni za kila rangi tulizokuwa tumezisahau, na kufukuza watu kazini nako kukawa ruksa, ila hakukuitwa kufukuza, kuliitwa kupunguza. Mimi nilikuwa bibi shamba mpya, nimepangiwa Kerenge, nina baiskeli ya serikali na chumba cha uani nyuma ya duka, kilichonuka mafuta ya taa hadi kwenye mto wa kulalia. Mzee Salehe alikuwa mpelelezi wa kwelea kwelea. Kwa asiyewajua, kwelea ni wale ndege wadogo wenye mdomo mwekundu wanaoshuka kwenye mpunga na mtama kwa maelfu wakaacha mabua matupu. Kazi ya mpelelezi ni kuwafuata jioni hadi wanapolala, kuhakikisha ni wao kweli, kisha kujaza fomu. Fomu ikikubaliwa, eropleni inakuja kumwaga dawa. Aliifanya kazi hiyo tangu ujana wake, kwa miguu na kwa baiskeli, kuanzia mbuga za Handeni hadi mabonde ya Korogwe, na mimi nilipotoka chuoni nilikabidhiwa kwake miezi mitatu nijifunze. Mwanzoni mwa mwaka ule orodha ya kwanza ya waliopunguzwa ikabandikwa ukutani, na jina lake lilikuwa la nne. Alilisoma, akasema "Haya," akaenda stoo kurudisha koti la mvua la serikali.

Akarudi kwao Kwedizinga kulima, na mimi kila nilipopata Jumamosi nilipanda basi la Handeni nikaenda. Msinisifu, sikuwa nakwenda kwa wema. Kerenge nilikuwa mpweke, na kwa Mama Hadija, mkewe, kulikuwa na chakula. Nakikumbuka chumba chao cha mbele kuliko ninavyokikumbuka chumba nilichoolewea: sakafu ya udongo iliyofagiliwa ikafagilika, meza yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha ndala isiyumbe, kalenda ya mwaka uliopita, na mkeka tulioketi kula ugali wa muhogo kwa kisamvu cha karanga, kila mtu akimsukumia mwenzake upande wenye karanga nyingi. Juu ya meza kulikuwa na madaftari kumi na moja ya shule. Humo Mzee Salehe alikuwa ameandika ndege wote aliokutana nao wakati akitafuta kwelea, isipokuwa kwelea wenyewe. "Wale niliiandikia serikali," aliniambia. "Hawa nilijiandikia mimi." Na alikuwa na sharti lake moja ambalo alinikaririsha mpaka nikalichukia. Hakuamini macho. Jioni kundi likipita juu ya matete kila mtu anaona wingu na kupiga kelele, kwelea! Yeye alisema wingu halina jina. Ungoje asubuhi, uvue viatu, uingie mwenyewe ndani ya matete, uangalie kinyesi. Cha kwelea ni cheupe na kikavu, maana anakula nafaka. Cha ndege anayekula wadudu ni cheusi, na ukikisugua kwa kidole utaona vipande vya mabawa ya wadudu. "Bibi Shamba," alikuwa akisema, "ukijaza fomu kabla hujakanyaga kinyesi, umejaza uongo."

Katika daftari la saba kulikuwa na ndege asiye na jina. Alimchora kwa kalamu ya risasi: kandege ka kahawia, kembamba, mdomo mrefu kidogo kuliko wenzake, ambaye alimwona mara mbili tu maishani mwake, mara zote mbili wakati wa vuli, katika kinamasi cha matete chini ya Magoma. Wewe au mimi tungemwona tungepita zetu. Lakini mwaka mmoja kabla ya kupunguzwa, alipita ofisini mtafiti mmoja Mzungu, akapekua madaftari yale kwa adabu tu, mpaka alipofika ukurasa ule, akakaa chini. Alieleza kwamba ndege huyo huzaa huko kaskazini mbali, kwenye mabwawa ya nchi za Waarabu, nako mabwawa yenyewe yanakaushwa, na kwamba kila vuli hupita huku kwetu wiki chache tu, na waliowahi kumkamata katika nchi hii ni wa kuhesabu kwa vidole. Tangu siku hiyo sisi tulimwita Mgeni. Baadaye ikaja barua, nami ndiye niliyeisoma na kuifasiri, kwa sababu Kiingereza cha Mzee Salehe kilikuwa cha kwenye fomu tu. Mtafiti alisema atakuja mwezi wa kumi na moja, atakaa siku chache, ataleta wavu mwembamba wa kunasia ndege. Akimshika Mgeni hata mmoja akampima bawa, chuo chake kitafungua kambi ya utafiti pale pale kwa miaka miwili, na msimamizi wa kambi atakuwa Mzee Salehe. Akimkosa, ataipeleka kambi kwenye mto mwingine, nchi nyingine. Nilipomaliza kufasiri, Mzee Salehe aliniambia, "Hebu soma tena hapo pa msimamizi."

Kwa nini alikitaka kile cheo hivyo, hakuniambia yeye. Nilikuja kujua alasiri moja nimejilaza kwenye mkeka chumba cha mbele, wakidhani nimesinzia, Mama Hadija akiongea na jirani yake uani huku wanapukusa mahindi. "Mume wangu huyu anaamka alfajiri anavaa viatu vya kazi," alisema, "anakaa barazani mpaka jua linakuwa kali, ndipo anavivua. Kila siku iendayo kwa Mungu. Nikimwambia twende shamba anakwenda, habishi, analima vizuri. Lakini hayupo. Nazungumza naye hayupo." Jirani akauliza, "Na huyo Mzungu je?" Mama Hadija akaendelea kupukusa, mahindi yakidondoka kwenye ungo. "Akija akamkosa huyo ndege," alisema, "mie sijui nitakaa na nani humu ndani." Nililala vile vile, macho wazi, naangalia fito za paa. Nilikuwa sijawahi kumwona Mzee Salehe kuwa mtu wa kuhurumiwa.

Basi tukapanga safari. Loo, tulivyopanga! Wiki baada ya wiki, kuanzia mwezi wa nane, tuligeuza kalenda ile nyuma tukachora kinamasi chote: njia ya kuingilia, mahali pa kufunga wavu, upande wa upepo wa asubuhi, mti wa kutundikia maji. Mzee Salehe aliandika saa kwa saa watu watafanya nini, kana kwamba ni treni. Mama Hadija aliuliza kila wiki Mzungu anakula nini, na kila wiki aliambiwa atakula atakachokikuta. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa, siku moja aliweka kibuyu chake chini akasimama mlangoni kutusikiliza, mwisho uvumilivu ukamshinda. "Huyo ndege mnamla?" Mzee Salehe akasema hapana. "Anatoa kupe kwa ng'ombe?" Hapana. "Anaonyesha asali?" Wala. "Sasa mnamtafutia nini? Amewaibia?" Tulicheka mpaka Mama Hadija akatoka jikoni kuja kuuliza kuna nini. Nadhani hiyo ndiyo mara ya mwisho nilimwona Mzee Salehe akicheka kwa meno yote. Tuligawana kazi. Yeye ndege na wavu, Mama Hadija chakula, na mimi kwenda kuomba ruhusa kwa kijiji chenye kinamasi, kwa kuwa kilikuwa katika eneo langu. "Hilo niachieni mimi," nilisema, najidai.

Mwenyekiti wa kijiji kile, ambacho sitakitaja, alinipokea barazani kwake na wazee wanne, wakanipa kiti na muhogo wa kuchemsha. Nilieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akafuta mikono.

"Kwa hiyo serikali imemwacha Salehe, na Salehe naye anamleta Mzungu kuangalia ndege wetu."

"Ndiyo, mwenyekiti. Siku tano tu."

"Ndege wanaokula mpunga wetu."

"Huyu hali mpunga. Anakula wadudu."

"Sisi hatumjui anayekula nini. Tunachojua, tunaamka mpunga haupo. Huu mwaka wa tatu tunaomba eropleni. Mwenzio aliyekutangulia alijaza fomu kila msimu. Wewe hujatujazia hata moja." Wazee wakaitikia. "Jaza hapa, wenzangu wakuone, nami nitawaambia vijana wampitishe mgeni wenu na mizigo yake. Usipojaza, mimi nitawaambiaje watu? Kwamba bibi shamba ana muda wa ndege wa Mzungu, ndege wao hana muda nao?"

Nilimwona ana haki, na hadi leo namwona ana haki. Tukashuka wote hadi ukingoni mwa matete jua likielekea kuzama, na kweli wingu likaja. Lilikuja kutoka pande zote, likazunguka, likajaa hewani juu yetu, kisha likaanza kumiminikia ndani ya matete. "Si hao!" mzee mmoja akanishika mkono. "Si hao, Bibi Shamba?" Hawakuwa hao. Walikuwa mbayuwayu. Niliiona mikia yao ya panda, nilisikia wanavyopigapiga domo, na nilikuwa nimefundishwa na bingwa: mbayuwayu hutoka kaskazini kila vuli kama Mgeni mwenyewe, na jioni hulala kwenye matete kwa maelfu, na punje ya mpunga hawaigusi. Kwelea waliokula mpunga ule walikuwa wameshahama majuma mengi nyuma. Nikasema, "Ndio hao." Nikaweka fomu juu ya kiti cha baiskeli nikajaza. Aina: kwelea kwelea. Idadi: milioni moja. Kinyesi kimeonekana: ndiyo. Jina na sahihi. Mwenyekiti akanishukuru, akamtuma mtu anikatie ndizi za kuondokea.

Vijana wa leo ningewasimulia hapo wangeniuliza, sasa mama, uliandikaje uongo mkubwa namna hiyo? Hawajui sisi tulikulia wapi. Tulikulia kwenye fomu. Ukitaka mbegu, fomu. Saruji ya zahanati, fomu. Dawa ya viwavi, fomu. Na hakuna kilichokuja. Eropleni haikuwa imeonekana katika bonde lile tangu mimi niko shule ya msingi, na sasa serikali yenyewe ilikuwa inasema kila mtu ajitegemee. Kumjazia mkulima fomu ilikuwa adabu, kama kumwamkia. Ulimjazia ili ajue umemsikia, basi, kila mtu akaenda zake. Kila bibi shamba na bwana shamba niliyemjua alifanya hivyo. Nilikwenda Kwedizinga nikamwambia Mzee Salehe ruhusa imepatikana. Akauliza, "Bure tu?" Nikajibu, "Bure tu." Akaitia alama ya vema kwenye kalenda yake.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumanne, mtafiti anatarajiwa Ijumaa, niliitwa Korogwe na bosi wangu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake anang'aa. "Hongera, Rehema! Fomu yako imejibiwa!" Sikuelewa hata anasema fomu ipi. Akaeleza kwa furaha: kulikuwa na mapipa ya dawa ghalani yanakaribia kuisha muda, eropleni ilikuwa inarudi kutoka kazi nyingine huko kaskazini, wakubwa wakasema itafutwe fomu yoyote ya njiani yenye idadi kubwa. Milioni moja! Hakukuwa na fomu nyingine iliyoikaribia. Dawa ingemwagwa kesho jioni.

"Bosi," nikasema, "nadhani wale kwelea wameshahama."

"Unadhani au umeona?"

"Nimeona."

"Lini?"

Bosi akaketi, na ile furaha ikamtoka polepole. Hakuwa mtu mbaya, nataka niliseme hilo, alikuwa na watoto sita na yeye mwenyewe alikuwa hajui kama atavuka mwaka kazini. "Nisikilize," alisema. "Umeandika milioni moja. Umeandika kinyesi umekiona. Ukiniambia leo hawapo, itabidi niandike kwamba ulisema uongo, maana ndege milioni moja hawaondoki bila mtu kuwaona. Na orodha ya pili ya kupunguza naipeleka mwisho wa mwezi huu. Sasa wewe mwenyewe niambie, niandike nini?"

"Usiandike kitu, bosi."

"Haya. Na wa kuwasha moshi wa kumwongoza rubani tumempata. Tumempelekea ujumbe Mzee Salehe, kibarua cha siku moja. Umefurahi, au sio?"

Nilitoka pale. Nilikwenda posta kupiga simu Dar kwenye hoteli aliyoandika mtafiti, nikaambiwa laini imekatika tangu jana. Nilisimama stendi nikitafuta gari la Handeni nimuwahi Mzee Salehe nyumbani, likaja la jioni, dereva akasema Kwedizinga hafiki, na hata lingefika, Mzee asingekuwepo. Alikuwa ameshaondoka na lori la ofisi. Nilirudi Kerenge nikakaa kitandani. Sikulia hata. Nilikuwa naikumbuka sahihi yangu, jinsi nilivyoipinda ule mkia wa herufi ya mwisho kwa madaha.

Nilimkuta kinamasini Jumatano alasiri, anarundika kuni mbichi na majani kwa ajili ya moshi. Nakala ya fomu huwa inapewa mpelelezi, na nilimwona nayo, imekunjwa mfukoni mwa shati. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba." Akaendelea kupanga majani. Nilisimama pale sijui niweke wapi mikono.

"Kinyesi ulikikanyaga?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sikukikanyaga."

"Ulijua ni mbayuwayu?"

"Nilijua."

Akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa bei. Ndipo nikaanza kulia na kusema ovyo, tusiwashe moshi, nitakwenda kueleza ukweli, nitamwandikia mkubwa wa mkoa. Aliniacha nimalize. "Utamweleza nani?" alisema. "Eropleni imeshapakiwa dawa. Nisipowasha moshi rubani atamwaga kwa kukisia, na pale pana nyumba za watu. Na wewe ukishaeleza, uende wapi? Mimi nimeshapunguzwa, mwanangu. Hawawezi kunipunguza mara mbili." Kisha akanionyesha mkono. "Kakae kule, upepo unakotoka. Dawa isikupate." Nilikwenda kukaa kule. Mbayuwayu wakaanza kuingia, wingu lile lile, na wanakijiji waliojipanga tutani wakapiga vigelegele. Moshi ukapanda wima. Eropleni ikaja chini sana kutoka upande wa mto, ikapita, ikageuka, ikapita tena. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai.

Asubuhi tulichimba shimo. Watu walikuja na nyungo na vikapu wamechangamka, "Ahsante, Bibi Shamba!", na Mzee Salehe akawa anawafokea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba hawa hawaliwi, wana sumu, mtu asimpe mtoto. Mwenyekiti alimsaidia kuwarudisha. Hakuna aliyeuliza mbona midomo si myekundu. Tukabaki wawili, yeye anaingia kwenye matete na kikapu, mimi namwaga shimoni. Mbayuwayu, mbayuwayu, mbayuwayu, na manyoya yao ya buluu yameloa. Sijui ilikuwa saa ngapi nilipomwona amesimama ndani ya maji hadi magoti, hasogei. Alikuwa na kitu mkononi. Alikifuta kwa pindo la shati, taratibu, akatoka hadi ukingoni, akachuchumaa, akatoa rula mfukoni. Akalifungua bawa akapima. Akapima tena. Aliponitazama uso wake ulikuwa wa mtu mwingine, wa kijana.

"Ndiye," alisema. "Bibi Shamba, ndiye huyu."

Nilimwangalia Mgeni. Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani, na rangi yake ilikuwa ya majani makavu tu. Miaka yote ile, na madaftari yote yale, na sasa alikuwa kwenye kiganja, na mtu wa kumpokea alikuwa njiani anafika kesho. Kilichohitajika ni kitambaa cha kumfungia. Mzee Salehe naye alilijua hilo kabla yangu, kwa sababu aliliangalia shimo, kisha akasema polepole, "Huyu akitoka hapa ataulizwa amekufaje. Na amekufa na akina nani. Watakuja kufukua, na kwelea hata mmoja hawatamkuta." Akabaki na Mgeni kiganjani. Nimelirudia jambo hili katika kichwa changu miaka yote, nikiwa jikoni, nikiwa msikitini, na nina hakika nalo: hakuwa ameamua. Alikuwa ananingoja. Aliniachia nafasi, ndefu ya kutosha kusema neno moja, mchukue. Mimi nilitazama matope kwenye vidole vya miguu yangu. Nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa naogopa kurudi nyumbani bila kazi, hakuna zaidi ya hapo. Alipoona sisemi, alimlaza shimoni, si kwa kumtupa, akachukua jembe akafukia.

Mtafiti alifika Ijumaa kama alivyoandika, na gari, na wavu, na sukari kwa ajili ya Mama Hadija. Tulimpeleka kinamasini. Alisimama akasikiliza, maana palikuwa kimya mno, akaniuliza hii harufu ni ya nini. Nilimwambia kulikuwa na kwelea milioni moja. Na yeye, badala ya kukasirika, akasema anaelewa, watu lazima wale. Laiti angetukana! Alifunga wavu asubuhi mbili hata hivyo, na akanasa mnana mmoja tu. Mzee Salehe alifanya kila kitu kama alivyopanga kwenye kalenda, kwa saa zile zile, hakuruka hata moja. Baadaye kambi ilipelekwa kwenye mto mwingine, na yeye akalima hadi nguvu zilipomwisha, na mimi nikafanya kazi hadi kustaafu kwa heshima zote na cheti ukutani. Hatukulizungumza tena, yeye kwa hisani, mimi kwa woga.

Lakini Jumapili ile, kabla mtafiti hajapanda gari, alifungua kitabu chake juu ya boneti akashika kalamu. "Muulize mara ya mwisho," aliniambia. "Mwaka huu, kabla ya dawa au baada ya dawa, amemwona? Hata mmoja? Hata aliyekufa?" Nilifasiri lote, hata hilo la aliyekufa. Mzee Salehe, mtu aliyekataa kuandika ndege ambaye hajakanyaga kinyesi chake, alitazama matete. "Mwambie mwaka huu sijamwona," alisema. Hakujua Kiingereza. Ningeweza kusema lolote lile, alimpata juzi, yuko mita ishirini kutoka hapa, leta jembe, na yeye asingejua nimesema nini mpaka yule Mzungu amkumbatie. Mtafiti alikuwa ananitazama mimi, kalamu iko tayari. Nikafasiri. Nilifasiri vizuri sana, kwa Kiingereza safi cha shuleni, bila kupunguza wala kuongeza neno, na yeye akaandika.